Milisekunde Zinapotelea Wapi Kati ya Mwatate na Nairobi?

Kutoka Mwatate hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 350 kwa barabara, ukipitia Voi. Mwanga ndani ya uzi wa faiba hukimbia kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, theluthi mbili ya kasi yake angani. Ukipiga hesabu, kwenda na kurudi ni milisekunde 3 na nusu tu. Ongeza muda unaoliwa na mlingoti wa simu, ruta za njiani na seva yenyewe, na bado tovuti iliyoko Nairobi inafaa kumjibu mtu wa Mwatate kwa milisekunde 40 au 50. Huo ni muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua.

Sasa mtu huyo awashe VPN ya bure aliyoipakua jana, na seva aliyopewa iwe Frankfurt. Kila pakiti inashuka hadi Mombasa, inaingia kwenye mkongo wa baharini, inapanda Bahari ya Shamu, inavuka Misri na Mediterania hadi Ujerumani. Huko inafunguliwa na kutumwa inakotakiwa, yaani Nairobi. Jibu nalo linarudi Frankfurt kwanza, ndipo lishuke tena Afrika. Safari ya milisekunde 40 imekuwa ya 300 na ushei. Na ukurasa wa tovuti hauletwi kwa safari moja: kuna ya kuuliza anwani, ya kufungua mawasiliano, ya kubadilishana funguo za siri, na ya kuomba ukurasa wenyewe, kila moja ikisubiri iliyotangulia. Sekunde nzima inapita kabla herufi ya kwanza haijaonekana.

Na kwenye kioo cha simu kuna nini? Kitufe cha kijani na neno moja: Umeunganishwa.

Programu za handaki, kama tuziite hizi VPN na jamaa zake, zimejengwa kumficha msafiri. Zinafunga pakiti ndani ya pakiti nyingine, zinaifungia kwa siri, na wa njiani haoni kilichomo. Kazi hiyo zinaifanya vizuri. Lakini zinapomzuia mdukuzi asione ndani, zinamzuia pia mwenye simu asione ni wapi anacheleweshwa. Kabla ya kuwasha VPN, fundi yeyote wa mtandao angeweza kukupimia njia hatua kwa hatua. Ukishaiwasha, ruta zote zilizo kati ya simu na seva ya VPN hutoweka kwenye kipimo na kipande hicho chote cha safari huonekana kama hatua moja ndefu. Kwa hiyo kipimo cha kweli hakiwezi kutoka kwingine ila ndani ya programu yenyewe ya handaki, kwa sababu ndiyo pekee inayosimama mlangoni na kuziona pande zote mbili.

Mwatate yenyewe haiko pembeni kiasi hicho. Ni makao makuu ya Kaunti ya Taita Taveta na njia panda ya kwenda Wundanyi na Taveta. Mwendo wa nusu saa hivi kwa gari unakufikisha Voi, inakopita barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, reli ya zamani na ya SGR, pamoja na faiba zinazounganisha Pwani na bara. Juu ya milima, kwenye kilele cha Vuria chenye mita 2,208, imesimama milingoti ya mawasiliano. Shida ya huku ni zile kilomita chache za mwisho, ambazo wengi huzivuka kwa redio ya simu. Milima haipitishi redio. Nyumba iliyo upande mmoja wa mteremko inaupata mlingoti vizuri, na jirani aliye nyuma ya mwamba anahangaika na kijistari kimoja. Mtu akilalamika kwamba mtandao unasumbua, anaweza kuwa analalamikia mwamba, au foleni ya mlingoti jioni, au seva ya Frankfurt. Haya ni mambo matatu tofauti na dawa zake ni tatu tofauti.

Wanaotumia handaki huku ni wengi kuliko inavyodhaniwa. Yuko mhasibu anayeingia kwenye mfumo wa ndani wa ofisi akiwa nyumbani, na mwanafunzi anayesoma majarida yaliyolipiwa na maktaba ya chuo chake. Yuko kijana wa kazi za mtandaoni ambaye mwajiri wake aliye Marekani hamruhusu kugusa faili bila VPN ya kampuni. Tena kuna wanaoikimbilia siku ya dharura: Wakenya wengi walifanya hivyo Novemba 2023 na tena Novemba 2024, Telegram ilipozibwa wakati wa mitihani ya KCSE, na Waganda Julai 2018, serikali yao ilipoanza kutoza kodi ya kila siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii. Hawa wa dharura huchukua chochote kinachopatikana bure, na mara nyingi kinachopatikana bure kiko mbali.

Kwa wanaokumbuka, safari hii ya kwenda ughaibuni na kurudi si ngeni. Hadi mwanzoni mwa karne hii, barua pepe iliyotoka kampuni moja ya intaneti ya Nairobi kwenda nyingine ya Nairobi hiyohiyo ilipitia ng'ambo kwa setilaiti. Setilaiti hizo huelea kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka, kisha jibu kupanda na kushuka, ni karibu nusu sekunde hata kama kila mtambo ni mpya. Novemba 2000, kampuni za intaneti za Kenya zilifungua kituo cha kubadilishana data cha KIXP ili pakiti za nyumbani zibaki nyumbani. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa njia za kimataifa, ililalamika, na msimamizi wa sekta akakifunga kituo hicho mara moja. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Utafiti uliochapishwa na shirika la Internet Society mwaka 2012 ulionyesha kwamba muda wa pakiti za ndani ya nchi ulishuka kutoka milisekunde kati ya 200 na 600 hadi kati ya 2 na 10. Mikongo ya TEAMS na SEACOM ilipofika Mombasa mwaka 2009, njia ya kwenda nje nayo iliachana na setilaiti. Leo mtu mmoja mwenye simu anaweza kujirudishia hali ya mwaka 1999 kwa kugusa kitufe kimoja, na asijue.

Kipimo cha kwanza ambacho fundi yeyote hukimbilia ni ping. Programu hiyo iliandikwa Desemba 1983 na Mike Muuss, aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara ya jeshi la Marekani. Mtandao wake ulikuwa ukimsumbua, akaiandika kwa jioni moja. Jina alilitoa kwenye mlio wa vyombo vya nyambizi, vinavyotuma sauti majini na kusikiliza mwangwi ili kujua umbali wa kitu. Muuss alikuwa akisimulia kisa alichokisikia mkutanoni, cha msimamizi mmoja wa mtandao aliyeiunganisha ping na mtambo wa sauti, ukawa unapaza sauti kila pakiti inaporudi. Bwana huyo akazunguka jengo zima akitikisa nyaya moja baada ya nyingine hadi sauti ilipokatika, na hapo akajua ni uzi upi umelegea. Sijasikia maelezo bora zaidi ya kazi ya kipimo: kina maana tu kikikuelekeza pa kushika.

Ping ikiachwa peke yake mbele ya handaki, inapoteza uwezo huo. VPN ikiwa imewashwa, simu huisukuma ping ndani ya handaki pamoja na mengine yote. Namba inayorudi, tuseme 329, ni jumla ya safari ya kwenda seva ya VPN na safari ya kutoka seva hiyo hadi tovuti. Huwezi kujua ipi ni ipi. Ukizima VPN ili upime upya, umebadilisha njia, na umepima safari nyingine kabisa.

Basi programu ya handaki ipime nini? Jibu fupi ni kwamba iweke saa kwenye kila kituo ambapo mtumiaji anangojeshwa. Kituo cha kwanza ni jina la seva kugeuzwa kuwa anwani ya namba, kazi ya DNS. Cha pili ni kufungua handaki lenyewe. Hapa programu hubisha hodi na kungoja karibu: inatuma pakiti ya kujitambulisha, seva inaithibitisha na kujibu, na kutoka hapo pande zote mbili zina funguo za siri za pamoja. Katika WireGuard, itifaki iliyobuniwa na Jason Donenfeld na kuingizwa kwenye kiini cha Linux Machi 2020, hodi ni pakiti moja ya baiti 148 na jibu lake ni moja la baiti 92. Kwa hiyo muda kati ya hodi na jibu ni kipimo cha bure cha umbali wa kwenda kwa seva na kurudi. Hakuna pakiti ya ziada inayotumwa, wala hakuna anayeweza kukitilia shaka kwa kusema kwamba mtandao wa simu huipa ping nafasi ya mwisho, jambo ambalo mitandao fulani hulifanya kweli. Kituo cha tatu ni pakiti ya kwanza kupita ndani ya handaki. Cha nne ni tovuti kujibu.

Ajabu ni kwamba WireGuard yenyewe haisemi lolote kati ya hayo. Kwa upande wa vipimo, amri yake ya kuonyesha hali hutaja mara ya mwisho hodi ilipoitikiwa na idadi ya baiti zilizopita, basi. Ukimya huo ni wa makusudi, maana mbunifu alitaka msimbo mdogo unaoweza kukaguliwa na mtu mmoja, na simlaumu. Lakini ina maana kwamba anayejenga programu ya simu juu yake ndiye mwenye jukumu la kuweka saa. Tailscale, iliyojengwa juu ya WireGuard, imelitimiza jukumu hilo kwa kiasi kizuri: ina amri ya kupima muda hadi kila seva yake ya kupokezana, Nairobi ikiwa mojawapo ya miji yenye seva hizo, na nyingine inayokwambia kama simu yako na kompyuta ya mwenzako zinaongea moja kwa moja au kupitia seva ya kupokezana. Jambo hilo si dogo huku kwetu. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya pamoja, na vifaa viwili vilivyo nyuma ya anwani za namna hiyo aghalabu hushindwa kuonana. Watu wawili waliokaa kwenye benchi moja pale stendi ya Mwatate wanaweza kuwa wanatumiana faili kupitia mji wa mbali.

Tuchukue mfano mmoja tuutazame kwa karibu. Programu ya handaki imewekewa vipimo, mtumiaji wa Mwatate akaigusa, na kioo kikaandika hivi, namba zote zikiwa milisekunde:

Jina la seva: 38
Hodi hadi karibu: 5,240
Simu hadi seva: 168
Ndani ya handaki hadi tovuti: 329

Mtu wa haraka angeona 5,240 na kusema seva iko mbali mno, au imezidiwa. Angekosea. Mstari wa tatu unaonyesha kwamba kwenda kwa seva na kurudi ni 168. Sasa zile nyingine elfu tano zimetoka wapi? Zimetoka kwenye kanuni ya WireGuard yenyewe: hodi isipoitikiwa, programu hungoja sekunde 5 na chembe kidogo, ndipo ibishe tena. Pakiti moja ya baiti 148 ilipotea, labda pale kwenye mteremko ambako redio ni dhaifu. Ya pili ikafika na kujibiwa mara moja. Hapa umbali hauna hatia. Kuna pakiti moja iliyopotea na saa ya kungoja iliyopangwa na mhandisi.

Namba 5 ni ya hila kwa sababu ina pacha. Maktaba ya kawaida ya Linux inayotafuta anwani za majina nayo hungoja sekunde 5 kabla ya kuuliza upya. Programu inayoonyesha tu muda wa jumla wa kuunganisha haitakwambia ni yupi kati ya mapacha hawa aliyekuchelewesha, na dawa zao hazifanani. Aliyepoteza hodi asogee dirishani au abadilishe laini. Aliyekwamia kwenye jina abadilishe seva ya DNS. TCP, itifaki inayobeba kurasa nyingi za tovuti, nayo ina alama zake: tangu mwaka 2011 kiwango kinachopendekezwa cha kungoja kabla ya kutuma tena ombi la kwanza ni sekunde 1, na kila mara husubiri maradufu, ndiyo maana ucheleweshaji wa TCP hupenda kuangukia sekunde 1, kisha 3, kisha 7. Fundi aliyezoea huzisoma namba hizi mara moja.

Kuna mtego mwingine hapohapo. Pakiti ikitumwa mara mbili na jibu moja likarudi, ni jibu la ipi? Ukihesabu kutoka ya kwanza unapata muda mrefu wa uongo, na ukihesabu kutoka ya pili huenda ukapata mfupi wa uongo. Phil Karn na Craig Partridge walitoa jibu mwaka 1987: usipime kabisa pakiti iliyorudiwa. WireGuard ina nafuu kwa kuwa kila hodi hubeba namba yake na jibu huitaja namba hiyo, hivyo programu inaweza kujua bila kubahatisha. Cha msingi ni mtengenezaji kuandika idadi ya hodi zilizorudiwa kando ya muda. Mstari wa pili wa mfano wetu ungesomeka "5,240, hodi ilirudiwa mara 1", na nusu ya simu zinazopigwa kwa mafundi zisingepigwa.

Saa inayotumika nayo iangaliwe. Simu huwa na saa ya ukutani, inayorekebishwa na mtandao wakati wowote, na ile inayohesabu tu kwenda mbele tangu simu iwashwe. Kipimo kitumie ya pili. Mtengenezaji aliyetumia ya kwanza ataletewa ripoti za pakiti zilizofika kabla ya kutumwa.

Sasa tugeukie mstari wa nne. Toa 168 kwenye 329, unabaki na 161. Hiyo ndiyo safari ya kutoka seva ya VPN hadi tovuti, na kwa kuwa inakaribia kulingana na ya kwanza, picha inajichora: pakiti inakwenda Ulaya na kurudi. Programu ikipima pia njia ya moja kwa moja, nje ya handaki, ikapata 41, hukumu imekamilika. Vipimo hivi viwili vipishane, kimoja cha nje, kimoja cha ndani, kwa dakika ileile. Ukipima cha nje asubuhi na cha ndani saa mbili usiku, umelinganisha asubuhi na usiku.

Wengi hupenda kuonyesha wastani. Wastani ni mwongo mstaarabu. Chukua vipimo kumi: 48, 50, 49, 51, 52, 47, 50, 1,900, 49, 50. Wastani wake ni karibu 235, namba ambayo haikumpata hata mmoja kati ya hao kumi. Tisa walikaa kwenye 50 hivi, mmoja akakwama karibu sekunde mbili. Onyesha namba ya katikati, 50, na kando yake ile mbaya kabisa, 1,900. Kwa anayesoma makala, ya katikati ndiyo muhimu. Kwa anayehojiwa kazi kwa video, ile mbaya ndiyo itakayomkata neno.

Na huyo wa 1,900 huenda hata hana kosa la mtandao. Redio ya simu hulala ikikaa bila kazi ili kutunza betri. Pakiti ya kwanza baada ya usingizi lazima iamshe redio, na kwenye mitandao ya 3G kuamka huko kuliweza kuchukua kiasi cha sekunde mbili; 4G huamka haraka zaidi. Kipimo cha kwanza baada ya usingizi kiandikwe peke yake, kisichanganywe na wenzake.

Foleni ndiyo inayowatesa zaidi walio kwenye saiba. Mwaka 2010 Jim Gettys, mhandisi mkongwe wa Marekani, aligundua nyumbani kwake kwamba alipokuwa akinakili faili kubwa, pakiti ndogo zilichukua zaidi ya sekunde moja kurudi, ilhali laini ilikuwa nzima. Chanzo kilikuwa ukarimu wa watengenezaji wa ruta: walikuwa wameweka kumbukumbu kubwa ili pakiti zisitupwe, na pakiti zikawa zinapanga foleni ndefu humo. Miaka miwili baadaye Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa njia ya kuifupisha foleni hiyo. Ruta nyingi za bei nafuu bado hazina. Hivyo kwenye saiba moja, mteja mmoja akipandisha video, wengine wote wanaona VPN zao zimelala. Programu ya handaki inaweza kulibaini hili kwa kupima mara mbili: laini ikiwa tulivu, kisha ikiwa na mzigo. Tulivu ikitoa 45 na yenye mzigo 900, handaki halina neno. Kuhamisha seva kutoka Frankfurt hadi Nairobi hakutasaidia kitu. Anayepandisha video asubiri, au ruta ibadilishwe.

Kuna tatizo moja linalojifanya ucheleweshaji bila kuwa ucheleweshaji. Handaki huongeza baiti zake juu ya kila pakiti, na WireGuard hujiwekea kikomo cha baiti 1,420 badala ya 1,500 za kawaida ili zitoshe. Njia ikiwa nyembamba kuliko hapo, pakiti kubwa hutupwa kimyakimya na ndogo hupita. Vipimo vyote vinakuwa vizuri, na ukurasa haufunguki. Kipimo kizuri kitume pia pakiti iliyojaa.

Kupima nako kuna gharama, na huku watu hununua data kwa kipimo cha mfukoni. Ping ya kawaida ina baiti 84. Ikitumwa na kurudi kila sekunde, mchana na usiku, ni takriban MB 14 na nusu kwa siku, bila kuhesabu betri inayoliwa kwa kutoiacha redio ilale. Ni afadhali programu ipime inapounganisha, inapoguswa, na inapoona mambo yameharibika ghafla. Ripoti zake zina anwani na majina ya seva ambayo mtu ametembelea, kwa hiyo zibaki kwenye simu hadi mwenyewe akubali kuzituma. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 iko wazi kuhusu ridhaa.

Kumbukumbu ni jambo ambalo watengenezaji hulisahau. Namba 168 haina maana kwa asiyejua ya wiki jana ilikuwa ngapi. Februari 2012 meli ilitia nanga mahali palipokatazwa karibu na Mombasa na kuukata mkongo wa TEAMS. Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini na Afrika Mashariki yote ikaisikia. Siku kama hizo pakiti hutafuta njia nyingine, ndefu zaidi. Programu inayokumbuka ingemwambia mtumiaji: njia ya kwenda Ulaya imeongezeka tangu jana, ya Nairobi haijabadilika. Angeacha kuzima na kuwasha simu.

Umbali wenyewe hauna dawa, na kipimo kinafaa kusema hivyo bila kuzunguka. Chuo Kikuu cha Helsinki kina kituo cha utafiti Wundanyi, juu ya Mwatate, na watafiti wake wameichunguza misitu na hali ya hewa ya Milima ya Taita kwa miaka mingi. Mtu aliye Wundanyi anayefungua handaki hadi kompyuta iliyoko Ufini atalipa zaidi ya milisekunde 100 hata mitambo yote ikiwa kamilifu, kwa kuwa Ufini iko huko iliko. (Kwa sadfa, SSH, handaki linalotumiwa na mafundi wengi, liliandikwa Ufini mwaka 1995 na Tatu Ylönen, baada ya wezi wa nywila kuuvamia mtandao wa chuo chake.) Programu ikiandika "umbali: huu hauwezi kupunguzwa" imemsaidia mtu kuliko ile inayomshauri anunue bando kubwa zaidi. Bando kubwa huongeza upana wa njia. Haliifupishi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na watengenezaji wengi, wanaoona kwamba vipimo ni vya mafundi na vifichwe ndani ya menyu ya tano. Namba nne zile zinaweza kuandikwa kwa Kiswahili cha kawaida: kati ya simu yako na mlingoti, sawa, hodi ilipotea mara moja, seva yako iko Ulaya, tovuti unayoitaka iko Kenya. Mhasibu wa Mwatate hahitaji kujua TCP ili kuyaelewa hayo. Programu nyingi za handaki zina msimbo wazi, na vijana wanaosomea kompyuta Voi na Wundanyi wanaweza kuuchukua, kuuwekea saa hizo na kutafsiri maneno yake. Msimbo unaotakiwa ni mfupi.

Nawe msomaji unayelipia VPN, au unayepewa na ofisi, uliza swali moja kabla ya kuilaumu laini yako: seva yao ya karibu iko mji gani? Kama kazi yako yote iko humu nchini na jibu si Nairobi wala Mombasa, tafuta huduma nyingine.